Kwenda Mtae, Usambara: mwongozo wa anayekwenda mara ya kwanza

Maswali ni yale yale. "Mtae ni mbali na Lushoto?" "Naweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo?" "Kilimanjaro inaonekana kweli, au ni maneno ya waongoza wageni?" "Gari dogo kama IST litafika?" Nimechoka kumjibu kila mtu kivyake, kwa hiyo nimeyapanga majibu yote hapa, kuanzia unaposhuka Mombo mpaka unaposimama ukingoni, na namna ya kurudi.

Jibu moja linabeba mengine yote: lala Mtae siku mbili. Sababu si uzuri wa mahali, sababu ni ratiba ya basi. Basi la kutoka Lushoto huondoka mchana likafika jioni. La kurudi huondoka alfajiri, kabla hakujapambazuka. Ukilala mara moja tu, umeingia na giza linaanza na umetoka giza halijaisha, na ulichokifuata hukukiona. Wengi wanaosema "Mtae ya kawaida tu" walikwenda hivyo.

Kwa asiyepajua: Mtae ni kijiji cha Wasambaa kilichokaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, pembe ya kaskazini-magharibi ya Usambara Magharibi, wilaya ya Lushoto, mkoa wa Tanga. Barabara imepita juu ya mgongo, nyumba na maduka vimejipanga kandokando, na nyuma ya nyumba ardhi inakatika. Chini kabisa, mamia ya mita, imetandazwa tambarare ya Mkomazi, kavu na ya rangi ya kahawia. Ng'ambo yake iko Milima ya Upare. Kilimanjaro iko nyuma zaidi, kilomita zaidi ya 150, na inaonekana kweli, lakini si kila siku na si kila saa. Nitaeleza.

Kabla hujaondoka nyumbani

Tenga siku nne kama unatoka Dar es Salaam, Arusha au Tanga kwa basi: siku ya kwanza kufika Lushoto, ya pili kupanda Mtae, ya tatu kukaa, ya nne kurudi. Mwenye gari lake anaweza kuzifanya tatu. Siku mbili hazitoshi, usijidanganye.

Beba hivi:

- Sweta nzito na koti. Juni mpaka Agosti baridi ya huku haina mzaha, na upepo wa ukingoni unaiongeza. Watu wa Pwani ndio huteseka, maana wanakuja na fulana wakidhani Tanga yote ni moja.
- Koti la mvua, mwezi wowote.
- Viatu vyenye meno. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa unateleza vibaya mno, na raba zilizolika soli zitakuangusha mbele za watoto.
- Tochi na pawabenki. Umeme upo, lakini hukatika, na utatembea gizani angalau mara mbili.
- Pesa taslimu za safari nzima, zikiwemo noti ndogondogo.
- Kitambulisho, kwa ajili ya gesti na kwa ajili ya kibali cha msituni.
- Dawa zako za kawaida, pamoja na ya kichefuchefu kama tumbo lako halipendi kona.

Kuhusu msimu. Masika, yaani Machi mpaka Mei, ahirisha kama unaweza. Barabara huharibika na mawe huporomoka kwenye kona za kutoka Mombo. Vuli, Oktoba mpaka Desemba, mvua ni za vipindi na kati ya kipindi na kipindi hewa husafishika, ukaona mbali kuliko wakati mwingine wowote. Januari na Februari ni miezi mizuri na ndiyo ya matunda: plamsi, pichesi na peasi zinauzwa kwa ndoo barabarani. Juni mpaka Septemba hakuna mvua nyingi, ila kuna baridi na ukungu wa asubuhi, na kadiri kiangazi kinavyozidi, vumbi la tambarare hufanya Upare ionekane kama imefunikwa kwa shuka. Mimi nikiambiwa nichague, nachukua Januari.

Hatua kwa hatua

1. Fika Mombo ukiwa macho.

Mombo ipo kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, baada ya Korogwe kama unatoka Dar, na baada ya Same kama unatoka Arusha. Kutoka Dar yapo mabasi yanayokwenda Lushoto moja kwa moja, panda hayo ukiweza, kwenye stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis. Ukikosa, panda la Moshi au Arusha na umwambie konda mapema kwamba unashuka Mombo. Mwambie tena mkifika Korogwe. Konda ana abiria wengi na hakumbuki, na abiria aliyelala hupitilizwa mpaka Same.

Ukishuka, utazungukwa. Kila mtu atakuambia gari lake ndilo linaloondoka sasa hivi. Usimpe mtu begi mpaka umeliona gari lenyewe na umeona lina watu. Noah yenye abiria wawili itakaa hapo mpaka ijae.

2. Panda Lushoto, na usipande zaidi siku hiyo.

Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za lami, kona juu ya kona, mto ukiwa bondeni kando yenu. Joto la Mombo litakuacha njiani. Mkifika Soni utaanza kutafuta sweta. Hapo Soni pana maporomoko ya maji karibu kabisa na barabara, na kosta nyingi husimama, kwa hiyo unaweza kuyaona bila kuvuruga safari.

Ukifika Lushoto lala hapo. Ukitoka mbali, kuna uwezekano mkubwa basi la Mtae limeshaondoka, na hata ukilikuta utafika usiku ukiwa umechoka. Lushoto ni mji mdogo wenye gesti za kila bei. Wajerumani waliuita Wilhelmstal enzi zao, na majengo yao machache bado yamesimama.

3. Maliza shughuli zote za pesa na mafuta Lushoto.

Benki ziko Lushoto. Juu huko utategemea mawakala wa simu, na wakala wa kijijini anaweza kukuambia hana floti kwa siku nzima, wala hana kosa. Toa pesa zote hapa. Mwenye gari ajaze tenki hapa pia. Kununua petroli ya chupa njiani inawezekana, lakini hujui imekaa muda gani wala imechanganywa na nini.

Kama unataka kuingia msitu wa Magamba au msitu mwingine wowote wa hifadhi, panga kibali hapa. Misitu hiyo ipo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, si kwa kumpa mtu mkononi. Mwongozaji wa kweli anajua utaratibu huo na atakusaidia. Anayekuambia "nipe mimi nitamalizana nao" mwache aende zake.

Asubuhi unayosubiri basi usiipoteze stendi. Chukua bodaboda mpaka Irente, ambako mlima umekatika ghafla juu ya Mazinde. Si mbali na mji na unarudi kabla ya saa sita. Njiani kuna shamba la Irente, la kanisa la Kilutheri, wanatengeneza jibini, jemu na mkate mzito wa ngano. Nunua mkate na jibini vya kupanda navyo Mtae. Utanishukuru.

4. Chagua usafiri wa kupanda Mtae.

Basi ni la bei nafuu na ndilo ninaloshauri kwa mara ya kwanza. Ni kama kilomita 60, lakini hesabu saa tatu hadi nne, na zaidi kama mvua imenyesha.

Bodaboda kutoka Lushoto moja kwa moja nakataza. Umbali ni mrefu, vumbi ni jingi, baridi inapenya, na dereva atarudi usiku peke yake. Bodaboda ni ya safari fupi za huko huko juu.

Gari lako: IST inafika Lushoto bila shida. Mbele ya hapo, wakati wa kiangazi, wapo wanaofika nayo Mtae kwa kwenda polepole, lakini utasikia mawe yakigonga chini. Gari lililoinuka ni salama zaidi, na mvua zikianza usithubutu bila gari la kuvuta magurudumu yote. Piga honi kwenye kila kona isiyoonekana mbele, kwa sababu kuna Fuso za mboga zinashuka na hazipendi kusimama. Kwenye kushuka tumia gia ndogo. Ukinusa harufu ya breki, paki pembeni usubiri zipoe, usimwage maji.

Kwa miguu inawezekana kabisa, tena ndiyo njia nzuri kuliko zote, lakini hiyo ina sehemu yake hapo chini.

5. Panda basi mapema, na ukae vizuri.

Asubuhi hiyo nenda stendi ukaulize saa ya kuondoka. Waulize watu wawili tofauti, mmoja wao awe mwenye kibanda cha chai ambaye hana faida na jibu lake. Rudi saa nzima kabla ya muda uliotajwa. Basi hili ndilo lori la kijiji pia: juu hupakiwa magodoro, mabati, katoni za sabuni, kreti za soda, ndani, kwenye njia ya katikati, huwekwa ndoo na mifuko, na mama mmoja lazima atakuwa na kuku kwenye kikapu. Atakayefika dakika ya mwisho atasimama mpaka Lukozi.

Kaa mbele kama tumbo lako ni dhaifu. Begi lenye kamera usiliache lipandishwe juu.

Baada ya Magamba msitu unakaribia barabara, kisha milima inafunguka na unaingia nchi ya mboga. Hapa ndipo karoti, kabichi, viazi na hoho zinazoliwa Dar na Tanga zinatoka. Malindi, Lukozi, Manolo, Sunga, kote utaona matuta yamekatwa kwenye miteremko mikali kiasi kwamba unajiuliza mkulima anasimamaje. Lukozi pana soko kubwa la mboga. Basi likisimama hapo tazama vijana wanavyojaza gunia la karoti: gunia likishajaa mpaka mdomoni, wanajenga kilemba cha karoti juu yake, wanakishona kwa kamba na majani, na gunia linakuwa refu kuliko aliyelijaza. Nunua mahindi ya kuchoma. Choo pia ni hapa.

6. Fika, salimia, tafuta pa kulala, kwa mpangilio huo.

Ukishuka Mtae utataka kukimbilia ukingoni. Subiri. Gesti ni chache na ndogo, vyumba vya kawaida, maji ya moto huletwa kwenye ndoo. Chukua chumba kwanza na uulize habari ya chakula cha jioni papo hapo, kwa sababu mama ntilie wa kijijini hapiki chakula cha mtu asiyemjua atakuja. Ukiagiza saa kumi na moja utakula saa mbili. Ukitokea saa mbili bila kuagiza utakula chapati baridi, kama zimebaki. Wenye bajeti kubwa zaidi hulala upande wa Mambo, kijiji jirani, ambako kuna malazi ya watalii yamejengwa ukingoni kabisa.

Wazee uwaamkie shikamoo, kama kwingine. Ukitupia "onga mahundo" asubuhi na "hongea" unapopewa kitu, utacheka na watu siku nzima. Kijiji kina Waislamu na Wakristo, na mavazi ya heshima yanakufungulia milango. Kaptura za ufukweni ziache Pangani.

Mahali pengi pazuri pa kutazamia ni nyuma ya nyumba ya mtu au kwenye shamba lake. Piga hodi. Hakuna atakayekukatalia, ila atachukia ukikanyaga maharage yake.

7. Tazama kwa saa zake.

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi. Mandhari ya Mtae ina saa.

*Jioni, kuanzia saa kumi na moja.* Kaa upande wa magharibi wa mgongo. Jua linashuka juu ya Upare, na kivuli cha mlima uliosimama wewe kinaanza kutambaa upande wa pili. Mgongo ni mwembamba kiasi kwamba unaweza kuona jua linazama, kisha ukavuka barabara na kuona tambarare ya Umba, kuelekea Kenya, ikigeuka bluu. Usiondoke jua likizama tu. Rangi nzuri zinakuja robo saa baadaye.

*Alfajiri, kuanzia saa kumi na moja na nusu.* Amka. Honi ya basi itakuwa imeshakuamsha hata hivyo. Kilimanjaro ni ya saa hii. Jua likichomoza mashariki linapiga theluji ya Kibo moja kwa moja, na hewa ya tambarare bado imetulia. Angalia kaskazini-magharibi, juu zaidi ya pale unapodhani mlima unapaswa kuwa. Wageni huitafuta usawa wa Upare wakaikosa, kumbe inaelea juu ya wingu. Una saa moja, pengine moja na nusu. Joto likianza kuinua vumbi na unyevu, mlima unayeyuka ukiwa unautazama.

*Saa tatu mpaka saa tisa.* Ukingo hauna mengi saa hizi. Mwanga umekuwa mweupe na tambarare imepoteza mikunjo yake. Huu ndio muda wa kutembea, kula na kulala.

Kuhusu ukungu: hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ikigonga milima hii inalazimika kupanda, inapoa, inakuwa wingu, na wingu hilo ndilo unalokuwa ndani yake. Ndiyo maana upande mmoja wa mlima ni kijani na chini upande wa pili ni kichaka kikavu cha Mkomazi. Ukungu wa asubuhi mara nyingi hupasuka ghafla. Usirudi kulala, keti, vaa koti, agiza chai ya tangawizi. Pengo likifunguka unaona kipande cha tambarare chini ya miguu yako kama dirisha, kisha linafungwa.

Tahadhari: ukingo hauna uzio, hauna kibao, na nyasi zimening'inia kupita mwisho wa ardhi. Unapodhani pana nusu mita zaidi, hapana. Usirudi nyuma ukipiga selfi. Watoto washike mkono. Kukiwa na ukungu au mvua, kaa mbali kabisa.

Na droni: Tanzania inahitaji kibali, kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Chini yako ni hifadhi ya taifa na mpaka wa nchi hauko mbali. Usirushe kwa sababu tu hakuna anayeona. Kijijini kila mtu anaona.

8. Itumie siku ya katikati.

Nenda Mambo kwa miguu asubuhi, rudi mchana. Njia inapita mashambani na ukingo wa huko unakupa sura nyingine ya Upare. Ukiwa na nguvu na kibali, chukua mwongozaji wa kijijini uingie msitu wa Shagayu. Huko kuna miti mikubwa yenye kuvu na ndevu za kijani, mbega wakiruka juu, na ukibahatika kinyonga wa Usambara Magharibi mwenye pembe mbili puani, asiyepatikana kwingine duniani. Watoto watakuletea kinyonga kwenye kijiti umpige picha kwa shilingi. Kataa kwa upole. Ukilipa leo, kesho watamng'oa mwingine msituni.

Watu huniuliza pia kuhusu kushuka mpaka tambarare, kijiji cha Mnazi, kwa miguu. Njia ipo na wenyeji huitumia kila siku na mizigo kichwani. Wewe ukishuka saa nne asubuhi utakuta joto la chini limechemka, na kupanda kurudi na jua la mchana ni adhabu. Kama ni lazima, anza kungali giza kidogo, chukua mwenyeji, beba maji lita tatu kwa mtu mmoja.

9. Rudi.

Mabasi huondoka kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri. Lipa gesti usiku, funga begi usiku, na umwambie mwenye gesti akuamshe. Mpe konda taarifa jioni kwamba utakuwepo. Kwenye kijiji kidogo hilo linatosha watu kukupigia honi mlangoni. Utafika Lushoto asubuhi, na utawahi mabasi ya Dar au Arusha bila papara.

Kama unataka kwenda kwa miguu

Njia inayojulikana zaidi huchukua siku tatu. Siku ya kwanza, Lushoto kupitia msitu wa Magamba mpaka Lukozi. Ni ndefu, ondoka mapema. Ya pili, Lukozi mpaka Rangwi, bondeni, ambako masista wa Kikatoliki hupokea wageni na watu hulala mapema sana. Ya tatu, Rangwi mpaka Mtae kwa kupanda. Ukiwa na siku ya nne, igawe ile ya kwanza.

Chukua mwongozaji. Si kwa sababu ya usalama tu. Njia za mashambani zinagawanyika kila mita mia na zote zinafanana. Ofisi za waongoza wageni ziko Lushoto mjini, karibu na stendi. Kabla ya kulipa, kubalianeni kwa maandishi mambo manne: bei ni ya mtu au ya kundi, chakula kimo au hakimo, malazi yake mwenyewe analipa nani, na nauli ya kurudi kutoka Mtae ni ya nani. Hilo la mwisho ndilo huzua ugomvi siku ya tatu.

Mambo yakienda kombo

*Ukungu haujaondoka siku zote mbili.* Hutokea, hasa Julai. Kama una siku ya ziada, ongeza. Kama huna, shuka Lushoto na ujaribu Irente jioni. Ni chini zaidi na mara nyingine kuko wazi wakati juu kumefunga.

*Umelikosa basi la alfajiri.* Usipande bodaboda ya Lushoto kwa hasira. Uliza kama kuna gari la mboga linaloshuka, au chukua boda fupi mpaka Sunga au Lukozi, ambako magari ni mengi zaidi hasa siku ya soko. Mpaka Lukozi umeshapona.

*Mvua imekata barabara.* Basi litasimama na abiria watashuka kusukuma au kuvuka kwa miguu wakapokelewe na gari la ng'ambo. Fuata wanachofanya akina mama wenye mizigo, hao wanajua. Mwenye gari binafsi asijaribu kupita kwa sababu Fuso limepita.

*Kichefuchefu kwenye kona za Mombo.* Hamia mbele, fungua dirisha, tazama barabara wala si simu. Tangawizi mbichi ya kutafuna inauzwa sokoni Lushoto, inafaa kwa kushuka.

*Simu imekufa na umeme umekatika.* Maduka yenye sola huchaji simu kwa pesa kidogo. Peleka mapema mchana.

*Gesti zimejaa.* Hutokea sikukuu, na kukiwa na harusi au msiba mkubwa. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au kwenye ofisi ya kanisa au msikiti, jieleze. Utapata chumba kwenye nyumba ya mtu. Bei itajwe kabla ya kulala, na mwachie mwenye nyumba kitu cha chakula pia, hata asipoomba.

*Mtu anadai ada ya kutazama.* Msituni kuna ada halali na risiti. Kwenye shamba la mtu, ukimpa mwenye shamba shukrani yake ni hiari yako na ni ustaarabu. Anayekudai njiani bila risiti wala shamba, mpeleke kwa upole ofisi ya kijiji mkalipie huko. Mara nyingi atakumbuka ana shughuli nyingine.